Ng'ombe wa Dada na Kampuni ya Barafu

Baba yangu alikuwa fundi baiskeli pale Kirumba, na alipenda kitu chochote chenye nati kuliko alivyopenda kula. Akikuta lori limekufa njiani alisimama akalipa pole kama vile limefiwa. Mama alikuwa akisema bwana huyu angeoa cherehani kama cherehani ingejua kupika. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani baba alikuwa mlafi au mjinga. Ulafi hakuwa nao hata kidogo. Kuhusu ujinga, nimebishana na nafsi yangu miaka mingi na bado sijapata jibu.

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza kila mtu mjini alikuwa mwanachama wa kitu fulani. Wakulima wa pamba walikuwa na vyama vyao, wanapima pamba yao kwa mizani yao, na watu wa mwaloni, kule ufukweni wanakoshusha samaki, wakaanza kuulizana sisi wa samaki tumelaaniwa na nani. Samaki aliyevuliwa alfajiri alikuwa ananuka adhuhuri. Waliowahiwa walikaushwa, waliobaki walitupwa. Ndipo wakatokea watu watatu wenye kofia safi wakasema kuna mtambo wa barafu unauzwa Kisumu, umetumika lakini bado una nguvu. Tukichanga tutaununua, tutagandisha samaki, tutawapakia kwenye treni, wafike Tabora wabichi kama wametoka majini sasa hivi. Atakayechanga atapewa hisa, na hisa itapanda. Neno hilo la kupanda lilisemwa sana siku hizo, na wasemaji waliinua mikono kuonyesha linavyokwenda.

Baba hakuwa na fedha. Alikuwa na ng'ombe, na hao ng'ombe wenyewe kwa kweli hawakuwa wake.

Walikuwa wa dada. Dada yangu aliolewa Kiseke mwaka uliotangulia, na mahari yake ilipelekwa Buhongwa kwa baba mkubwa, maana Kirumba hatukuwa na pa kufugia. Kwetu Usukumani ng'ombe wa mahari si wa kuchezea. Binti akiwa na kaka, kaka huoa kwa ng'ombe hao. Asipokuwa naye, wanakaa zizini, wanazaa, wanangoja. Ndoa ikiharibika wanahesabiwa na kurudishwa kwa mume, na binti anarudi kwao akiwa huru. Wasiporudishwa, huyo bado ni mke wa mtu, hata alale kitanda kimoja na mama yake. Sisi tulizaliwa wasichana wawili tu, dada na mimi. Baba akaona ng'ombe wale wanamaliza majani bure.

Nilikuwapo Buhongwa siku alipokwenda kuwachukua. Baba mkubwa alikuwa mfugaji tangu kuzaliwa, na alimsikiliza mdogo wake mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Ng'ombe anazaa," akasema. "Hiyo balafu yako inazaa nini?"

"Inazaa gawio, kaka."

"Gawio lina maziwa?"

"Lina fedha. Fedha inanunua maziwa."

"Haya. Na mtoto akirudi?"

"Arudi wapi? Amepata mume mtaratibu, kila mtu anamsifu."

Baba mkubwa akatema mate pembeni, akafungua zizi mwenyewe. Alifanya hivyo kwa hasira, si kwa kukubali, lakini ng'ombe wakishatoka wamekwisha toka. Wiki ile waliuzwa mnadani wote, hadi ndama, na baba akarudi na cheti chenye muhuri mwekundu. Alikipigilia ukutani karibu na picha ya mfalme wa Waingereza, ile iliyotoka kwenye kalenda ya zamani, na akatukataza kuwasha jiko upande ule.

Sitasema uongo, mtambo ulipofika ilikuwa furaha. Ulishushwa melini kwa kamba na kelele nyingi, ukakokotwa hadi banda la bati pale mwaloni, na siku injini ilipowaka baba alisimama mlangoni machozi yanamtoka. Jioni alikuja mbio na bonge la barafu ndani ya gunia la pumba. Mama alilipokea kwa kanga kama anapokea mtoto mchanga. Nililishika mpaka vidole vikafa ganzi, nikacheka, na baba akaniambia, "Hiyo unayoshika ni yetu." Sijawahi kumwona mtu ameshiba fahari namna ile.

Ilidumu msimu mmoja, tena msimu wenyewe mfupi. Bomba likapasuka. Likazibwa, vali ikakwama. Ilipozibuliwa, barafu ikawa inatoka na harufu ya gesi inayochoma macho, na samaki waliofika Tabora walirudisha maneno ya matusi badala ya fedha. Isitoshe, akina mama wa sokoni walikuwa wanawaminya wale samaki wa baridi na kusema hawa wamekufa siku nyingi, ndiyo maana wamekakamaa. Watu walizoea sato wa moshi au wa leo. Hakuna hata mmoja kati ya wale wenye kofia safi aliyekuwa amewauliza wanunuzi wanataka nini.

Wenye hisa wakaitisha mkutano. Mama ndiye aliyepewa kazi ya kuchemsha chai ya mkutano, nami nilibeba vikombe, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Hapa lazima niseme habari za mwenyekiti. Alikuwa Mzaramo, alikuja kwa treni akiwa kijana na kuweka duka la vitambaa, mtu mnene, mcheshi, asiye na adui mji mzima. Na Mzaramo kwa Msukuma ni mtani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kukunyang'anya kofia, kulala kaburini kwenye msiba wenu mpaka mmpe chochote, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna umevunja utani, na mwenye kuvunja hulipa faini. Karibu wenye hisa wote walikuwa Wasukuma. Walimchagua mtani wao awe mwenyekiti kwa sababu walimpenda, na hapakuwa na kosa kubwa kuliko hilo, ingawa hata leo ukilieleza kwa watu wa kwetu watakuuliza kosa liko wapi.

Mzee mmoja muuza samaki alisimama wa kwanza, amekasirika kweli kweli, shingo imejaa mishipa.

"Mwenyekiti, hisa zangu ziko wapi?"

"Si ulizila na ugali, Msukuma wewe! Tumbo hilo umelipata wapi?"

Watu wakacheka. Mzee akajaribu kukaza uso, ukamshinda.

"Mtambo unavuja!"

"Hata wewe unavuja, tumuulize mkeo."

Basi, banda zima likaangua kicheko. Mwingine akasimama akamwita mwenyekiti mwizi wa nazi, mwenyekiti akamjibu kwamba mwizi wa nazi ni bora kuliko mlamba samli. Wakaendelea hivyo mpaka chai ikaisha. Hasira zote walizokuja nazo zilitoka kwa njia ya kicheko, wakaenda nyumbani wepesi. Baba alicheka njiani kote. Tulipofika mlangoni akasimama, akaniuliza, "Hivi alisema spea inakuja lini?"

Hakusema. Hakuna aliyesema chochote.

Haukupita muda, dada akaja. Alitembea kutoka Kiseke peke yake mchana kweupe, jicho moja limevimba, na mkono ameushika kwa mkono mwingine. Mama aliacha sufuria motoni ikaungua. Ikajulikana kwamba yule mume mtaratibu alikuwa anapiga tangu mwezi wa kwanza, na dada alikuwa anajikaza asituaibishe. Akasema harudi tena. Baba akasema hapana, hurudi, mwanangu, na alilisema kwa moyo wake wote.

Shemeji alifika na wazee wake. Waliamkiana vizuri na baba, wakapewa viti, wakanywa uji. Shemeji hakukana kumpiga wala hakutaka ugomvi.

"Kama binti yenu hanitaki, baba, mimi simlazimishi," alisema kwa adabu. "Nipeni ng'ombe wangu, abaki."

Nilimwangalia baba. Macho yake yalikwenda ukutani kwenye kile cheti, yakarudi chini. Akaomba muda. Wazee wa upande wa pili wakasema muda upo, lakini wakati huo wa kungoja mke akae kwa mumewe. Hiyo ndiyo desturi. Dada aliondoka nao akiwa nyuma kabisa ya msafara, hakugeuka. Mama alikaa siku nzima hasemi na baba, na baba hakulalamika.

Akaanza kuuza hisa. Alitaja kwanza bei aliyonunulia, watu wakamwonea huruma. Akashusha. Fundi viatu jirani yetu akasema angezichukua kama angeongezewa na pampu ya baiskeli. Mama mmoja muuza dagaa alikubali kutoa kuku, akaenda kuulizia kwa wenzake, akarudi akasema amefikiria, anamwonea huruma kuku. Ubaya wa jambo lile ni kwamba kadiri baba alivyozunguka kuuza, ndivyo wengine walivyojua kuna mtu anakimbia, nao wakaanza kuzitoa zao. Kufikia masika ungeweza kupata hisa ya kampuni ya barafu kwa kumsaidia mtu kubeba mzigo. Baba akamwendea mwenyekiti dukani kumwambia thamani imeshuka. Mwenyekiti akamjibu thamani haijashuka, imekaa chini kupumzika, kwa vile wanahisa wake ni wazito. Na baba, masikini, akacheka, kwa sababu huyo ni mtani.

Mkutano wa pili baba alijiandaa. Alizunguka kwa wenzake mmoja mmoja akawaomba: leo hakuna utani, leo tuulize kama watu wanaoulizana habari ya mali. Wote walikubali. Alivaa koti. Nilipokuwa napanga vikombe nilimwona midomo inatembea, anakariri.

Alisimama akasema maneno mazuri, mafupi. Alisema mtambo umekufa na viongozi wanajua. Alisema kama kuna chochote cha kuuza, hata bati la banda, kiuzwe wenye hisa wagawane. Kisha sauti ikamgeuka. "Mimi nina binti yangu Kiseke," akasema. "Anapigwa. Ng'ombe wa kumtoa ndio hawa mliowaweka kwenye bomba."

Nilisikia maji ya ziwa. Mwenyekiti alikuwa ameinama, na mimi naamini hadi leo kwamba moyo wake uliguswa. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoea kazi moja tu. Akainua kichwa akasema, "Basi mlete kwangu, Msukuma. Mimi nitamkanda kwa barafu!"

Wakacheka. Si wote, na si sana, lakini walicheka, kama mtu anayepiga chafya bila kutaka. Baba akamrukia. Alimshika shati akamtikisa mpaka vifungo vikatoka, watu watatu wakahangaika kumwondoa. Sikuwahi kumwona baba akigusa mtu kwa ubaya kabla ya siku ile.

Mkutano ukabadilika pale pale. Habari ya mtambo ikasahaulika, habari ikawa ni baba aliyemnunia mtani. Wazee wale wale alioahidiana nao walisimama wakisikitika. Amevunja utani! Mbele ya watu! Wakamtoza jogoo. Nilitumwa mimi nyumbani kumkamata jogoo wetu, nikamleta nikiwa namshika miguu, na mwenyekiti akampokea kwa aibu kwa sababu asingeweza kumkataa. Njiani nilikuwa nalia kwa hasira. Nilitamani banda lile liwake moto na wote wamo ndani, baba pia.

Siku mbili tatu baadaye mwenyekiti alikuja kwetu. Hakuwa na kofia. Alikaa kwenye kigoda cha mama akalia kama mtoto, akasema fedha zimekwisha, hajala hata senti, duka lake mwenyewe limekwenda na bomba lile, na hajui afanye nini. Nilimwamini. Angekuwa mwizi ingekuwa afadhali, mwizi ana mahali alipoficha. Baba akamfariji! Akamwambia usijali, mtani, spea itapatikana. Nilipowasikia wawili wale wakianza kujadili vali, nilitoka nje.

Uhuru ukaja. Kampuni iliahidi barafu ya sherehe kwa kila mwenye hisa. Injini ilikohoa mpaka mchana ikatoa ndoo moja ya barafu ya manjano, inanuka, wakaimwaga ziwani. Watu walikuwa wanaimba, hakuna aliyejali. Nami niliimba. Mama peke yake ndiye aliyeuliza kwa sauti ya chini kama Uhuru huo umefika na Kiseke.

Baada ya sherehe akaja mtu kutoka upande wa Magu kuniposa. Alikuwa mtu mzima, amefiwa na mke, ana ng'ombe. Nilimwona mara moja akinywa maji. Hakuna aliyenilazimisha. Baba alinieleza mwenyewe, bila kuniangalia, kwamba mahari yangu ingetosha kumtoa dada, na ng'ombe wangetoka Magu wakaenda moja kwa moja Kiseke. Nikasema sawa. Nilikuwa nimemwona dada tena katikati ya muda huo, na nilichokiona sitakieleza.

Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Wazee walipokaa kupanga, walilitaja hilo kwa furaha, maana mtoto anapunguza idadi ya ng'ombe wa kurudisha. Walihesabu vizuri sana. Dada mwenyewe hakuulizwa kitu.

Wiki niliyoolewa tulifuatana na ng'ombe hadi Kiseke, baba, baba mkubwa na mimi. Ng'ombe wakasimama uani. Dada akatoka ndani na mtoto mgongoni. Aliwaamkia wazee, akawatazama wale ng'ombe mmoja baada ya mwingine kama mtu anayewatafuta anaowajua. Kisha akaelekeza kidole begani.

"Na huyu?"

"Huyo ni wa kwao, mwanangu," baba mkubwa akasema polepole. "Ng'ombe wanakurudisha wewe. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake."

"Kwa hiyo nimwache."

Dada akakaza kanga ya mtoto.

"Basi na mimi ni wa kwao," dada akasema. "Rudini nao."

Baba alipiga magoti. Nasema hivyo hivyo alivyofanya: baba mzazi alimpigia magoti binti yake uani kwa watu. Dada alimwinua. Akanivuta pembeni, akaniambia, "Hawa sasa ni wako. Wewe hujazaa. Wakae Buhongwa, asiwaguse mtu." Akamwita baba akamwapisha mbele yangu kwamba hatawauza, na baba akaapa, analia, ameshika mkono wangu. Shemeji alikuwa amekaa mlangoni anachonga mpini, hakuinua macho.

Mume wangu alianza kuniinulia mkono wakati wa palizi. Kwanza kwa sababu, baadaye bila sababu. Sikungoja kama dada alivyongoja. Nilipanda lori la pamba hadi mjini, nikashuka karibu na mwaloni, nimeshapanga maneno ya kumwambia baba: nenda Buhongwa, wahesabu, warudishe. Nilikuwa sina mtoto wala mimba. Nilijiona mtu mwenye bahati.

Mwenyekiti ndiye aliyeniona wa kwanza. Alikuwa na kofia mpya na alinijia mikono ameitanua, kwa utani ule ule.

"Mke wangu! Hongera sana. Baba yako ametuonyesha mfano, Wasukuma wenzake wote wameona haya."

"Mfano gani?"

"Hisa mpya! Sasa nchi ni yetu, tunaleta pampu nzima, si viraka tena. Tuliwaambia wenye hisa, anayetoka sasa amepoteza zote, anayeongeza anazikomboa hata za zamani. Baba yako akawa wa kwanza. Alisema na wewe umeridhia."

Nikamuuliza kwa ng'ombe gani, ingawa nilijua.

"Si wale wa Buhongwa?" akasema, na sasa alikuwa ananitazama usoni vizuri. "Hukuridhia?"

Nikamuuliza fedha ziko wapi. Alitoa kitambaa akajifuta shingo. Alisema zimekwenda Kisumu, ametumwa mtu nazo, na meli imeondoka asubuhi ile ile.

Aliniambia kitu kingine, nadhani alikuwa anatafuta la kunichekesha, kwa sababu ndilo tu alilojua kumpa mtu. Sikulisikia. Nyumbani kwetu kulikuwa karibu, ningeweza kuita mama akanisikia. Sikwenda. Ningekwenda ningemkuta baba anafunga mnyororo wa baiskeli ya mtu, angefurahi kuniona, angeanza kunieleza habari za ile pampu, na mimi ningemsikiliza. Nilinunua sato wawili, nikasubiri lori la kurudi Magu, na jioni nilimpikia mume wangu.